Majora Juu ya Paa la Kangle

Asubuhi ile ya mwezi wa tano mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri bila kupumzika. Nilikuwa chumbani kwangu Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wageni katika mji huu wa Kichina, ghorofa ya tisa, nimeshaswali na kuweka chai jikoni, ndipo ujumbe wa sauti ulipoingia kwenye simu. Alikuwa mama mwenye karakana inayonishonea madera ya kupeleka Dar es Salaam. Kwa kawaida ni mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alisema mawili tu, kwa Kichina: maji, njoo.

Mlango wa kituo cha treni ya chini ya ardhi ulikuwa umezibwa kwa mifuko ya mchanga. Madereva wa teksi pale barabara ya Huanshi Zhonglu walitikisa vichwa kabla sijamaliza kutaja Kangle. Wa nne alikubali, akanishusha mwanzo wa vichochoro na kugeuza gari. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia kwenye maji.

Kangle ni mtaa wa karakana za kushona, nyumba zimebanana hivi kwamba ukinyoosha mkono dirishani unamgusa jirani. Maji yalifika magotini, meusi, yamebeba vipande vya vitambaa na makopo ya chakula. Ndani ya karakana mafundi walikuwa wamepanda juu ya meza ya kukatia. Mota za cherehani, ambazo hukaa chini ya meza, zilikuwa zimezama. Majora yangu arobaini ya kitambaa, yaliyoletwa jana yake kutoka soko la ng'ambo ya barabara, yalikuwa sakafuni.

Sikulia. Nilizaliwa Jangwani ya Dar es Salaam, bondeni kabisa, na nilikuwa na miaka kumi na minne mto ulipotutoa nyumbani. Ninachokumbuka zaidi si maji. Nawakumbuka watu wazima waliokuja yalipokwisha, wakatuambia tuache kila kitu, tushukuru tuko hai, na mama yangu akaitikia kwa kichwa. Miaka yote nimetamani angesema hapana.

Maji yalianza kupungua karibu na adhuhuri. Mwenye jengo akashuka na buti zake za mpira, akasema vilivyolowa vyote vitolewe vikatupwe kabla ya jioni, visije vikaoza na kunuka.

"Vikikauka haviozi," nikamwambia. "Tufungulie paa."

"Meiyou," akajibu. Maana yake hakuna, na mfanyabiashara yeyote hapa hulijua neno hilo kabla hajajua kuhesabu. Ufunguo, eti, haukuwepo.

"Upo hapo kiunoni kwako. Nauona."

Mama wa karakana akanivuta mkono. "Dada, acha," akaninong'oneza. "Atatufukuza."

"Na tukitupa kitambaa, utabaki hapa kushona nini?"

Aliuachia mkono wangu. Kisha akainama, akajitwika jora moja begani, maji yakimtiririka mgongoni, akapanda ngazi zote hadi kwenye geti la paa. Akalitua pale. Nikamfuata na langu. Mafundi nao wakatufuata. Karakana za jirani, ambazo zilikuwa zimeshaanza kurundika vitambaa vyao kwenye toroli za takataka, zikaviondoa na kuvileta kwetu. Tulizijaza ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka mwenye jengo akakosa njia ya kurudi kwake ghorofa ya sita.

"Toeni hivi vitu," akasema.

"Hatutoi." Safari hii alijibu mama wa karakana. "Fungua."

Akafungua.

Tulisuuza kitambaa kwa maji ya bomba, watu wanne wanne wakikamua jora moja, tukakitandaza paa zima. Baada ya siku tatu za jua, theluthi ilikuwa bado na doa la tope lisilotoka. Sikuitupa. Tulikata kuzunguka madoa, tukashona magauni ya watoto.

Si kila kitu kilipona. Fundi mmoja wa makamo, mwanamke wa mkoa wa Hubei aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote, alikuwa akilipwa kwa kila nguo anayomaliza. Cherehani zilikaa kwa mtengenezaji muda mrefu, na yeye hakuwa na cha kushona wala cha kula. Akapanda basi kwenda kwao. Hajarudi.

Cherehani zilipopona tulijenga ukuta mdogo wa matofali mlangoni, wa kufika magotini. Mwenye jengo akaja kusema hatukuomba ruhusa, tuubomoe.

Mama wa karakana hakuinua uso kutoka kwenye nguo. "Bomoa wewe," akasema. "Na mvua ikinyesha, uje uyateke maji wewe."

Hakubomoa. Alipandisha kodi. Karakana mbili zikahama. Sisi tukajibana, tukabaki. Mwaka huu maji yamepanda kichochoroni mara tatu. Mara mbili yameishia nje. Mara ya tatu yaliruka ukuta, yakatulowesha vifundo vya miguu, na kesho yake tukaongeza safu mbili za matofali.