Jiwe Lililokosa Kaburi

Jiwe lile limeegemea ukuta wa jiko la mama mdogo Lianzhi kwa miaka zaidi ya kumi sasa. Ni la kijivu, limechongwa vizuri, lina majina mawili. La kwanza, Kuang Deming, limepakwa rangi nyeusi. La pili, Ouyang Lianzhi, lilipakwa nyekundu. Kwetu mume na mke huchongewa jiwe moja. Aliyetangulia jina lake huwa jeusi, aliyebaki lake huwa jekundu, na siku anapomfuata mwenzake mtu huchukua brashi akalifanya jeusi. Jiwe husimamishwa mwaka wa tatu, udongo ukishatulia. Hili halikusimamishwa. Kuku hutaga nyuma yake.

Lianzhi ni mjane wa Deming, mdogo wake baba yangu. Hawakujaliwa mtoto. Nilipokuwa mdogo nilikula kwao mara nyingi kuliko kwetu, kwa sababu Lianzhi alijua kukausha nyama ya nguruwe kwa moshi wa maganda ya machungwa, na hakuwa mtu wa kuhesabu vipande.

Baba mdogo Deming alikuwa mchimba misingi. Wanaume wengi wa Shimenchong, kijiji chetu, walikuwa wachimba misingi huko Shenzhen, zamani mashine kubwa zilipokuwa bado chache. Mtu alishuka kwenye shimo lenye upana wa kumtosha yeye na mtambo wake wa kutobolea miamba, akaenda chini mita ishirini, mita thelathini, mpaka kwenye jiwe gumu, akalitoboa. Juu yake baadaye ilisimama minara, kila mmoja ukiitwa mrefu kuliko yote kwa mwaka mmoja au miwili, hadi jirani yake aupite. Deming hakuupanda hata mmoja.

“Wenzangu wanahesabu ghorofa kwenda juu,” alikuwa akituambia sisi watoto, “mimi nahesabu kwenda chini. Ningekuwa popo, ningekuwa tajiri.”

Alirudi nyumbani na vumbi la mawe mapafuni. Mwaka wake wa mwisho hakuweza kulala chali wala ubavu; akilala, pumzi ilikatika. Alilala amepiga magoti kitandani, paji la uso juu ya blanketi lililokunjwa, na Lianzhi alikaa nyuma yake akimsugua mgongo. Alikufa hivyo hivyo, amepiga magoti. Iliwabidi wamnyooshe kwa nguvu. Kabla ya hapo alikuwa ameomba kitu kimoja tu: azikwe kwenye shamba letu la machungwa, kwenye udongo mwekundu usio na jiwe, na Lianzhi siku yake ikifika alazwe upande wa kushoto. “Sikio la kulia limeshakufa kwa kelele za mashine,” alisema. “Akinisemesha nimsikie.”

Lianzhi aliagiza jiwe mapema, akaliweka jikoni lisubiri mwaka wa tatu, kisha akaenda Guangzhou kupika kwenye kantini ya kiwanda.

Alipokuwa huko, mnara ukatufuata nyumbani.

Mji mmoja wa pwani ulikuwa umetangaza mnara ambao dunia haijapata kuuona. Wakubwa wa wilaya yetu wakasema wetu utaupita, na utasimama kwa miezi saba. Bango likawekwa kando ya mashamba ya machungwa: ghorofa mia mbili. Baada ya wiki tatu mji mwingine ukajitapa, na fundi akapanda ngazi, akapaka rangi juu ya namba ile, akaandika mia mbili na kumi. Wakati huo hakuna jembe lililokuwa limegusa ardhi. Tulipewa siku kumi kuhamisha makaburi.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, nafundisha shule ya sekondari mjini, nimekuja nyumbani kwa mapumziko. Baba aliniita mezani.

“Suhe, njoo na kalamu. Kampuni itakagua kwanza, ndipo tuhamishe, na inalipa fidia kwa kila kaburi. Wakina Peng wana kumi na moja.”

“Sisi kule shambani tuna moja, Baba.”

“Tulikuwa na moja. Tangu asubuhi tuna tisa.”

Nikatazama viatu vyake. Vilikuwa vimejaa udongo mwekundu.

“Usinitolee macho, kila mtu anafanya. Jana Peng amemzika ng’ombe, na bado anamwita mjomba. Nipe majina manane. Si ndiyo maana nilikusomesha?”

Nikayatunga. Babu aliyezama mtoni, shangazi wa surua, mapacha waliokufa kwa njaa. Baba alinikatiza: “Huyo usimfanye askari, watauliza cheo.” Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Niliyaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni, jina la Deming likiwa la tisa. Ofisa aliyepokea karatasi alisema hajaona mwandiko mzuri kama ule wilaya nzima. Kesho yake nikarudi shuleni.

Siku kumi zilipokwisha baba alinipigia simu. Alisema wamegundua makaburi ya uongo, fidia imekwenda na maji, na wamesawazisha safu nzima kwa tingatinga. “Na baba mdogo?” nikauliza. Akajibu, “Yupo. Kona ya kusini hawakuichimba, wameiacha iwe mteremko wa malori. Wamekwangua juu tu. Yeye yuko chini, salama.”

Nilimwamini. Lianzhi naye, alipokuja kwa Mwaka Mpya na kukuta shimo la mita kumi mahali pa machungwa, aliambiwa hivyo hivyo; hadithi ya karatasi yangu ilikuwa imeshaenea kijijini. Hakupiga kelele. Aliomba tu aonyeshwe ile kona.

Ujenzi ulikuwa umesimama wakati huo. Palikosekana kibali, au fedha, au vyote; sisi hatukuambiwa. Mvua za masika zikalijaza shimo mpaka mteremko wenyewe ukazama, na Peng, yule yule wa ng’ombe, akalikodi na kufuga samaki. Bango lilibaki na ghorofa zake mia mbili na kumi hadi jua likazifuta.

Kila Aprili, siku ya kufagia makaburi, Lianzhi hakuwa na kaburi la kufagia. Alisimama ukingoni, kona ya kusini, akachoma karatasi za wafu, zile za kuwapelekea fedha huko waliko, na kumwaga kikombe cha pombe majini. Baba alimsindikiza kila mwaka. Kila mwaka baba alilia.

“Mama Lianzhi,” Peng alimpigia kelele siku moja, “majivu yako yanawaua samaki wangu!”

“Samaki wako wanalala juu ya paa la mume wangu,” akamjibu. “Walipe kodi kwanza, ndipo waje kulalamika.”

Peng alicheka, akamtupia kambale mnene. Lianzhi alimrudisha majini. Meza ya Mwaka Mpya bila samaki kwetu ni mkosi. Ya Lianzhi ilikaa bila samaki miaka yote hiyo.

Januari hii likaja tangazo: shimo litafukiwa, pajengwe maghala. Maji yatavutwa kwanza. Lianzhi ana miaka sitini na sita sasa, na moyo wake si mzima. Alinipigia simu shuleni, jambo ambalo halifanyi.

“Wakishafukia sitampata tena, mwanangu. Ni sasa tu. Nikimpata, nitamhamishia kilimani, tusimamishe jiwe, na mimi nijue ninakokwenda.”

Pampu zilinguruma siku nane. Alikwenda kila asubuhi na kigoda chake, akatazama maji yakishuka kwenye kuta za zege kama mtu anayetazama sufuria. Siku ya tisa mteremko ulitokeza wote. Tulishuka watatu: yeye na mtungi wa udongo na kitambaa chekundu cha kufungia mifupa, mimi na mwavuli mweusi, maana mifupa ikitolewa haifai kuona anga, na baba, miaka sabini na sita, na jembe begani. Niliomba nichimbe mimi. Baba alikataa.

Alichimba. Jembe liligonga kokoto. Alisogea hatua moja, likagonga kokoto. Lianzhi alisimama karibu naye akisema kwa sauti ya chini, kama anamwamsha mtu, “Deming, tumekuja. Usishtuke. Ni kaka yako anayegonga.”

Peng alikuwa chini kabisa kwenye matope na ndoo, akiokota samaki wa mwisho. Akapanda kututazama.

“Mnatafuta nini hapo?”

“Mume wangu,” Lianzhi akasema.

“Hapo?” Peng alicheka, kisha akaona mtungi, akaacha. “Mama, hizo kokoto zimeletwa. Hii kona tuliichimba mpaka chini kama kwingine, ndipo tukaijaza kupitisha malori. Najua, mimi nilikuwa naendesha lori siku zile. Udongo wa hapa nimeubeba mwenyewe.”

“Mliupeleka wapi?”

“Wapi nikwambie? Mwingine tulijaza tuta la barabara kuu. Mwingine bondeni kwenye kinamasi. Mwingine ulipelekwa kiwanda cha matofali. Malori sitini, mama, mchana kutwa, wiki tatu.” Akamgeukia baba. “Lakini Mzee Defu anajua. Si ulikuwa umesimama hapa hapa? Yule ofisa akakuuliza, mzee, tuonyeshe lipi la kweli, tuliache. Ukamwambia yote ya kweli. Wakafukua matatu, matupu. Akasema basi yote matupu, sukuma. Lile la mwisho lilikuwa na udongo mbichi, halina jiwe, nani angejua?”

Baba aliinua jembe akachimba mara moja zaidi. Kisha akaliacha lianguke.

“Shemeji,” alisema.

Lianzhi hakumtazama. “Ungenyoosha kidole tu.”

“Walisema anayedanganya atafungwa. Ningeonyesha moja, ningekuwa nimekiri manane. Nilidhani watafukua moja moja mpaka wamfikie, wamwone. Walifukua matatu wakachoka.”

“Kidole tu, shemeji.”

“Nilikuwa nataka kukwambia. Kila mwaka.”

“Kila mwaka tulikuja wote kuchoma karatasi.”

“Ndiyo.”

“Na ulikuwa unalia.”

“Nililia kweli, Lianzhi. Naapa hata—” Peng alichukua ndoo yake akashuka polepole, bila kutuaga.

Mimi nilikuwa bado nimeshika mwavuli juu ya kokoto.

“Funga, Suhe,” Lianzhi akaniambia. “Hakuna wa kufichwa jua.”

Tulirudi. Baba alibaki nyuma, na hakuna aliyemngoja. Lianzhi alinipikia tambi na pilipili, akanitazama nikila, yeye hakula. Kisha akatoa kikopo cha rangi nyeusi na brashi mpya. Alikuwa amevinunua zamani, aliniambia, vya siku yake, ili wengine wasihangaike. Akafukuza kuku, akalifuta jiwe vumbi kwa mkono wa shati.

“Nipake.”

“Mama mdogo, wewe uko hai.”

“Nikifa litasimama wapi? Niambie mahali. Mtu hasimamishiwi jiwe kwenye barabara kuu.”

“Tutalisimamisha kilimani. Utalala pale.”

“Peke yangu, na jina lake kando, na yeye hayupo? Nidanganye watu kuwa mle mna wawili? Makaburi ya uongo tumeshayaona.” Akanipa brashi. “Una mkono mzuri, hata ofisa alisema. Uliwaandikia majina watu wanane ambao hawakuzaliwa. Mimi jina ninalo. Nakuomba rangi tu.”

Sikujua kama alikuwa ananilaumu. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kunikaribisha chakula.

Nikapaka. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi: nilifuata kila mchongo kwa uangalifu, kama nilivyofuata mistari ya karatasi ile siku tuliyocheka. Nilipomaliza, wekundu ulichungulia chini ya weusi.

Aliinama, akatazama.

“Rudia,” akasema.

Nikarudia.

Shimo lilifukiwa kwa siku sita. Maghala yanajengwa sasa, ya ghorofa moja, mapaa ya bati ya buluu. Baba halipiti lango la Lianzhi. Huenda dukani kwa kuzunguka mashamba. Lianzhi anapika, anafagia ua, akiitwa jina lake huchelewa kuitika.

Aprili tano ilipofika hakutoka nyumbani. Nilinunua karatasi za wafu mwenyewe, fungu moja, nikapanda basi. Kwenye tuta la barabara kuu ni marufuku kuwasha moto. Kinamasi kimejengwa. Kiwanda cha matofali kilishafungwa, na matofali yake yako kwenye kuta za watu nisiowajua. Nilizunguka mpaka mchana, fungu likalegea kwa jasho la mkono wangu, kisha nikarudi nalo mjini. Liko ndani ya droo, pamoja na chaki.