Dawa ya Pacha
Shizue na Fumie, pacha wa kufanana, waliuza figili za chumvi walizolaza kwenye mapipa huko Niigata, na wote walimeza dawa ya kuzuia damu isigande. Shizue alipoishiwa na zake, akameza za pacha wake wiki tatu, mpaka fizi zikavuja damu.

"Nani kakuruhusu?" daktari alifoka.

"Aa, daktari, sisi damu moja! Hata mama alituchanganya."

"Damu moja, sawa, bibi. Mmerithi miili inayotosheka na dozi ndogo. Yako nimeipunguza zaidi kwa sababu figo zako zimechoka. Zake bado nzima. Chumvi mnakula sawasawa?"

Shizue akainama. Miaka arobaini, mwonja chumvi ya mapipa alikuwa yeye peke yake.