Figa la Tatu

Nilipokuwa mtoto hakukuwa na mtoto mwenye nguvu kama mimi kwenye ukingo wote wa Ruaha Mdogo, kuanzia darajani mpaka huko maji yanakopotelea. Muulize mtu yeyote wa Iringa wa umri wangu. Nina miaka minane tu, nabeba gunia la mahindi kichwani na jingine kwapani. Mwalimu wa darasa la pili alinichapa siku moja, fimbo ikavunjika, ikalia fimbo, mimi nikaondoka zangu na sijarudi shule mpaka leo. Kwa hiyo nikikwambia kuna jambo limenilemea, ujue ni zito kweli.

Leo mimi ni dalali wa viwanja vya mtoni. Siyo mmoja wa madalali. Dalali ni mimi, wengine wananibebea futi ya kupimia. Matajiri wanashuka na magari yao, wanataka nyumba ya kusikilizia maji, wanataka bustani iteremke mpaka mtoni, na mimi nawaonyesha. Habari ya mita sitini, kwamba sheria haitaki nyumba karibu na mto kuliko hapo, nawaambia pia, maana siku hizi wakipita wale watu wa serikali wenye rangi nyekundu, ukuta wako unachorwa X hata kama una vigae vya kutoka Italia. Lakini kabla muuzaji hajakabidhi ufunguo kuna kitu nafanya, wateja wanacheka. Naingia jikoni kwanza.

Ngoja nikueleze kwa nini.

Nyumba yetu ilikuwa ya tofali za kuchoma, bati juu, hatua ishirini kutoka kwenye maji. Chini yake, pale penye udongo mweusi, palikuwa na kinyungu chetu, yaani bustani ya bondeni, unayolima kiangazi wakati wenzako wa juu wanatazama vumbi. Nyanya za Baba zilikuwa kubwa kama kichwa cha ndama. Punguza kidogo ukitaka. Mama alikuwa ameshatangulia mbele za haki, tulikaa watatu: Baba, Bibi aliyemzaa Baba, na mimi.

Baba akaamua kuuza. Alitaka kuhamia Mlandege, mjini, afungue genge la mboga, aachane na ukungu na mbu. Mnunuzi akapatikana upesi: Mgaya, mpasua mbao wa huko kwenye misitu ya Mufindi, jitu lenye mikono kama magogo aliyokuwa anapasua. Mjumbe wa nyumba kumi akaandika karatasi, Baba akatia dole gumba. Karatasi ilisema nyumba na kiwanja chake mpaka majini. Baba kusoma hajui, kama mimi tu. Yeye alichosikia ni nyumba.

Siku ya kuhama, Bibi alikaa jikoni akagoma kunyanyuka.

"Nyumba ya mtoni haiachwi mafiga yake yakiwa ndani," akamwambia Baba. "Mto hausomi karatasi ya mjumbe. Unahesabu mafiga. Ukiacha hata moja, mto unajua bado upo. Na huyo Mgaya naye yupo. Nyumba moja, wenyewe wawili! Mto utakuja kumchukua mmoja, na utamchukua yule unaomfahamu. Yabebe, ukayatupe majini kwa mkono wako."

"Mama, mimi nimebatizwa," Baba akasema. "Sitaki habari za mawe."

"Umebatizwa na mchungaji. Aliyekulisha ni mto."

Baba akapiga teke chungu cha Bibi, kikapasuka, maharage yakatapakaa sakafuni. Akatoka kufunga mizigo kwenye mkokoteni. Bibi aliokota vigae vya chungu, kisha akanivuta sikio mpaka nikasimama kwa vidole vya miguu.

"Festo, wewe ni damu yake, mkono wako ni mkono wake. Yapeleke yote matatu, moja moja, kabla mke wa Mgaya hajawasha moto wake. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nikabeba la kwanza, nikalitupa. Nikabeba la pili, nikalitupa. Niliporudi kuchukua la tatu nikamkuta mke wa Mgaya, Mama Tumaini, keshafika, mtoto mgongoni, wengine wawili wanalilia kwenye khanga yake. Alikuwa anapanga mawe yake pale jikoni.

"Mwanangu, hilo niachie," akasema. "La kwangu moja limepasuka njiani kwenye lori. Watoto hawa hawajanywa hata uji tangu jana."

"Bibi kasema..."

"Bibi atakosa figa mjini? Mawe yamejaa Iringa nzima, mji wote umekaa juu ya mawe." Akafungua kitambaa, akatoa maandazi mawili. "Shika, baba."

Nikatazama figa. Nikatazama maandazi. Yalikuwa bado na mafuta.

Hiyo ndiyo biashara yangu ya kwanza duniani. Nimeuza viwanja mpaka nimesahau idadi, lakini cha kwanza kuuza kilikuwa figa la baba yangu, kwa maandazi mawili, nikala nimejificha nyuma ya choo.

"Umetupa yote?" Bibi akaniuliza njiani.

"Yote, Bibi. La tatu nimelivurumisha mpaka likagonga ng'ambo, maji yakaruka yakawalowesha ng'ombe wa watu!"

Bibi akacheka. "Mkono wa babu yako huo," akasema, akanishika kichwa. Mwezi mzima alikuwa ananisifu kwa majirani wa Mlandege.

Mwezi ulipoisha nyanya zikaiva. Baba akachukua tenga, tukashuka naye mtoni. Mgaya alikuwa amesimama katikati ya kinyungu, miguu wazi.

"Kamwene, Mgaya."

"Kamwene. Umepoteza nini kwangu?"

"Nimefuata nyanya zangu."

"Zako? Karatasi imesema mpaka majini."

"Nimekuuzia nyumba, kinyungu sijauza. Kinyungu ni cha ukoo, hakiuzwi kama suruali."

"Basi kalime kwenye suruali yako."

Baba akamrushia tenga usoni, na kabla halijadondoka Mgaya alikuwa ameshampiga ngumi ya mdomo. Meno mawili yaliingia kwenye nyanya, na mpaka leo nikiona nyanya imepasuka nayaona. Baba akaanguka, akainuka, akamkaba, wakabiringika wote wawili kwenye matuta mpaka udongo mweusi ukawa mwekundu, na sijui nyekundu ipi ni ya nyanya. Mimi nikamng'ata Mgaya mguu. Akanirusha. Niliruka juu kama mwewe, nikapita juu ya migomba, nikatua kwenye mfereji. Haya, migomba haikuwepo. Lakini kutua nilitua.

Mjumbe akawapatanisha kwa jogoo. Walimla huku wanatazamana, kila mtu anavunja mfupa kwa nguvu kuliko mwenzake.

Wiki mbili baadaye Baba akashuka tena, safari hii na jembe. Akafyeka kabichi alizopanda Mgaya, akavunja dirisha, akasimama mlangoni anapiga kelele, "Toka kwangu! Toka kwangu!" Kwangu, anasema, na nyumba ameuza mwenyewe! Nilikuwa nyuma yake, nikasikia kila neno. Mgaya akatoka na panga. Baba akainua mkono wa kulia kujikinga, panga likashuka.

Vidole vinne vilianguka kwenye mfereji wa kumwagilia. Niliviona kwa macho yangu vinakwenda na maji taratibu kuelekea mtoni, kimoja nyuma ya kingine, kama vinaijua njia. Hapo siongezi chumvi. Natamani ningekuwa naongeza.

Tulipofika Mlandege, Bibi alifunga ule mkono kwa khanga yake. Damu ilipopungua akanigeukia.

"Festo. Ulitupa yote matatu?"

Sasa mtu mwingine angesema. Mimi nilimtazama usoni nikasema, "Yote, Bibi." Niliogopa fimbo. Mtoto aliyevunja fimbo ya mwalimu, anaogopa fimbo ya bibi kizee.

Kisha ikaja masika. Mvua ilinyesha Mufindi siku tatu bila kupumzika, na mvua ya Mufindi inakuja kwetu kwa mguu: unaamka asubuhi, jua linawaka, lakini mto umevimba, rangi ya chai ya maziwa, umebeba magogo na mabanda ya kuku. Jumamosi hiyo watu wakapita Mlandege wanasema maji yamefika kwenye nyumba za chini. Baba akavaa koti.

"Unakwenda wapi?" Bibi akamuuliza.

"Kwangu."

"Usishuke, mwanangu. Unaitwa."

"Ninaitwa na nani?"

Bibi akaning'inia kwenye koti lile. Baba akalivua, akamwachia Bibi mkononi, akashuka na shati tupu. Tulimfuata tukikimbia, mimi mbele, Bibi nyuma na koti lake.

Tukakuta maji yameshapita kizingiti. Mama Tumaini na watoto walikuwa juu ukingoni, na sufuria zao. Mgaya alikuwa ndani anatoa mbao zake. Baba akaingia majini mpaka mapajani, ameshika rungu kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima.

"Toka kwangu!"

"Kwako wapi, we kiwete wa mkono?"

Wakaanza. Rungu, ubao, rungu, ubao. Damu ya Mgaya ilishuka kutoka utosini ikamfumba jicho. Baba alipigwa ubavuni nikasikia mfupa, nilikuwa mbali lakini nilisikia. Watu walikuwa wamejaa ukingoni wanapiga kelele, "Tokeni nyie wapumbavu! Mto unakuja!" Hakuna aliyetoka, na nilielewa kwa nini, mtoto mdogo mimi. Atakayetoka wa kwanza ndiye asiyekuwa mwenye nyumba.

Gogo likaja. Liligonga ukuta wa upande wa juu, nyumba ikalala kama ng'ombe anavyopiga magoti, bati likapiga kelele, na maji yakaingia yote kwa pamoja. Mgaya akadaka mzizi wa mti. Baba akapita mbele yake. Mgaya akatupa ubao, akanyoosha mkono mpaka bega likataka kung'oka.

"Nishike! Nishike, kaka!"

Maadui wale. "Kaka," alisema.

Baba akampa mkono wa kulia. Ndio mkono mtu anaotoa, hafikirii. Mgaya akafumba kiganja chake kikubwa, na ndani yake hapakuwa na vidole vya kushika. Ukateleza. Nilimwona Baba anautazama ule mkono wake, kama anaushangaa, halafu sikumwona tena.

Siku ya tatu alipatikana kwenye matete, huko chini. Vijana wa ukingoni wakamkamata Mgaya wakampiga mawe na mateke, jicho lililobaki likafumba nalo, mbavu zikalia. Angekufa. Bibi ndiye aliyelala juu yake kwa mwili wake mkavu ule.

"Mwacheni! Mwanangu kachukuliwa na mto. Mto hauna panga!"

Mgaya alipoweza kusimama akasema mbao za jeneza atapasua yeye. Sasa msumeno wa kupasulia unataka watu wawili, mmoja juu ya gogo, mmoja chini. Hakuna mwanaume aliyekubali kushika upande wa pili. Bibi akanisukuma mgongoni.

"Nenda."

Nikaingia chini ya gogo. Yeye juu anavuta, mimi chini navuta, unga wa mbao unaniingia machoni, sikulazimika kueleza kwa nini nalia. Katikati ya ubao wa pili akasimama.

"Festo," akasema kutoka juu. "Mimi ndiye niliyemuua baba yako. Vile vidole nilivikata mimi. Angekuwa navyo ningemtoa."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limenikaa kooni, lina mafuta na sukari. Nikalimeza, nikavuta msumeno.

Bibi alikufa akiamini mto ulikosea hesabu. Alisema mpaka mwisho: "Mjukuu wangu aliyatupa yote, mto umetuonea." Mgaya alirudi Mufindi na familia yake, akafa akiamini ni yeye. Na mimi nimebaki na langu, nimekaa nalo miaka yote hii, na nimejaribu kuwasikiliza wasomi. Wanasema ni mafuriko, ndiyo maana ya mita sitini. Mwingine atasema ni kiburi cha Baba, au ni karatasi. Wote wana haki. Lakini wao hawakula yale maandazi.

Kwa hiyo naingia jikoni. Siku hizi mafiga hayapo, kuna majiko ya gesi yanayometa kuliko taa. Namwambia muuzaji, "Mzee, hilo jiko litoe wewe, kwa mkono wako, mpaka nje ya geti. Usimwachie mnunuzi hata kama anakuongezea." Wanacheka. Wanasema Festo na vituko vyake. Mmoja aliwahi kugoma, nikaacha biashara nzima, nikaondoka kwa miguu.

Siku ya pili baada ya mazishi ya Baba niliteremka peke yangu. Nyumba ilikuwa imekwenda yote, imebaki kona ya jiko, na kwenye kona mafiga matatu yamesimama kama hakuna kilichotokea. Mawili ya Mama Tumaini, moja letu. Nikalijua kwa masizi ya Bibi. Nikalibeba mpaka majini, nikalirusha kwa nguvu zangu zote, na nguvu zangu nimeshakwambia.

Halikufika ng'ambo. Halikulowesha ng'ombe wa mtu. Lilisema chubwi, hatua tatu mbele yangu, na maji yaliyoruka hayakunifika hata magotini.