Moshi wa Tembe la Bibi

Juzi, ndugu yangu, nilishuka basi pale Ihanja nikapanda yale majabali yaliyo nyuma ya shule. Magoti yalilalamika, nikayaambia yanyamaze. Huko juu ndiko mwalimu wetu alikotupeleka tukachore, mwaka uleule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa.

Tulihamishwa kwa lori, harakaharaka. Sasa kwetu, mtu akihama hubeba kaa la moto kutoka jiko la zamani, akawashie jipya. Bibi hakupewa nafasi hiyo. Basi akagoma kabisa kuwasha moto kwenye nyumba mpya! Alikula kwa jirani, na usiku alitetemeka na kukohoa. "Mimi sijahama," alisema. "Nimeletwa tu." Mama alihofia baridi ya kipupwe ingemmaliza.

Siku ya kuchora tulipewa rangi za maji, brashi zikiwa vijiti tulivyovitafuna ncha. Picha bora zingepelekwa mjini kwenye mashindano ya mkoa. "Choreni mnachokiona," mwalimu alituambia. Wenzangu wakachora mawe na mashamba ya mtama. Mimi nikachora bonde letu la zamani, matembe yaliyobomolewa paa, na moshi mwembamba ukipanda kutoka tembe la bibi.

Mwalimu akachutama nyuma yangu. "Kule hakuna mtu. Huo moshi umeuona wapi?"

"Ule kule, mwalimu."

Wakatazama wote, hawakuona kitu. Wakanicheka weee, kisha upepo ukaleta harufu ya ugali wa uwele ulioungua, kicheko kikakatika. Jamani! Mwalimu alikusanya karatasi upesi, tukashuka mbio.

Nilipomsimulia bibi, hakushangaa. Alichukua kigae cha chungu akateremka kwenye lile bonde kabla mama hajamzuia. Jua likizama akarudi na kaa jekundu. "Jivu lilikuwa bado na joto," alisema. Na mvua za msimu mzima zilikwishalinyeshea lile jiko! Tulikula kwake jioni ile, akalala bila kukohoa.

Picha ilirudishwa kutoka mjini. Waamuzi walisema mandhari huchorwa yalivyo. Bibi alicheka, akaibandika juu ya jiko, ikapigwa na moshi mpaka ikawa nyeusi.

Bibi alipofariki tukatawanyika, huyu Shelui, yule Dodoma. Hakuna aliyebeba kaa. Mimi napikia gesi.

Juzi nilitazama bonde mpaka macho yakaniuma, nikanusa upepo. Hakukuwa na moshi. Niliogopa kuliko siku ile tuliposhuka mbio.