Kura ya Mwalimu wa Kufuma

Katika shule ya Hinterau, kijiji kilichobanwa kati ya milima ya Glarus, Jumatano alasiri watoto waligawanywa. Wavulana walibaki darasani wakijifunza jiometri. Wasichana waliteremka kwa Rosmarie Rhyner kufuma soksi. Rosmarie mwenyewe alifundwa hivyo, akawafunda mama za wasichana hao, na chumba alichoishi juu ya shule alipewa kwa ajili ya kazi hiyo.

Mwaka ule Kathrin Stüssi alitaka kujifunza uchoraji wa ramani za majengo, na mtihani wa kuingilia ulikuwa wa jiometri. Alimwomba Rosmarie amruhusu apande juu. Rosmarie akamwambia amalize kisigino cha soksi yake kwanza. Jibu hilo lilimkera yeye mwenyewe wiki nzima, maana alijua binti hakuwa amekosea njia; alikuwa amefungiwa njia.

Mwalimu mkuu alisema utaratibu ule hauvunjwi ila na mkutano wa kijiji. Wanawake walikuwa wameanza kupiga kura miaka michache tu nyuma, na wengi walihudhuria wakanyamaza. Rosmarie hakuwahi kusimama mkutanoni. Majira ya kuchipua alisimama, akapendekeza mambo mawili: wasichana wasome jiometri, na wavulana nao wafume.

Balz Elmer, mtengeneza jibini aliyekuwa mwenyekiti, alimtazama kwa huruma ya jirani.

"Dada Rosmarie, wasichana wakipanda juu na wavulana wasishuke, wewe utamfundisha nani? Mchimba kisima huingia mwenyewe."

"Basi nitaingia, Balz. Ila usiseme wavulana hawashuki kabla hatujapiga kura."

"Wanangu wafume soksi?"

"Kwani wao miguu yao haioni baridi?"

Ukumbi ukacheka, na Balz naye akacheka. Kisha mikono ikakadiriwa kwa macho, kama ilivyo desturi. Kwa pendekezo la kwanza mwenyekiti hakuweza kuona upande upi umezidi, akaamuru inyoshwe tena. Mara ya kwanza mama yake Kathrin alikuwa ameficha mikono chini ya shali. Mara ya pili alimtazama mwalimu wake wa zamani, akautoa mmoja. Pendekezo likapita.

La pili halikuhitaji kurudiwa. Mikono iliyonyoshwa ilikuwa michache, na wenye wana wa kiume walitazama dirishani.

Walipokuwa wakitoka, mama yake Kathrin alimshika kiwiko.

"Mwalimu, ungeyaunganisha yawe jambo moja."

"Yangeanguka yote mawili, mwanangu."

Kathrin alipanda juu Jumatano iliyofuata, akaanza nyuma ya wenzake, akawa analia na bikari yake hadi akaizoea. Mtihani aliupita, si kwa alama za kujivunia. Wasichana wengi walimfuata; waliobaki kufuma walikuwa wachache mno kuhitaji mwalimu, na ilipofika vuli halmashauri, kwa maneno ya adabu, ilimwomba Rosmarie arudishe ufunguo wa chumba. Alihamia kwa dada yake bondeni, akaajiriwa kiwandani kukagua vitambaa. Watu walimwuliza kama hajuti. Aliwajibu kwamba nyumba ya dada yake ina joto zaidi, akaendelea na kazi.