Jina Tuliloipa Roketi

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa akiishi kwetu Bukavu ili awe karibu na shule. Mama yake analima kijijini, Walungu. Alikuwa na miaka kumi na minne. Mimi aliniita mama mukubwa, mume wangu akamwita tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa, na nyumba yetu, ambayo ilikuwa imezoea ukimya wa watu wawili, aliijaza maswali.

Mwaka ule mwalimu wao wa fizikia aliwaambia kila mmoja atengeneze roketi ya maji. Ni kitu chepesi ukishakiona: chupa ya soda ya plastiki, maji kidogo ndani, kizibo kilichotobolewa, kisha unaisukumia upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka kizibo kishindwe kuuzuia. Mabawa aliyakata kwenye ndoo iliyopasuka. Mimi ni mshonaji, basi nilimshonea parachuti ndogo kwa kitambaa cha mwavuli uliokuwa umekufa.

Lililobaki ni jina. Mwalimu alitaka kila roketi iandikwe jina ubavuni, na kwa siku tatu hatukula chakula bila kulijadili.

"Tai," nilisema.

"Mama mukubwa, mu classe iko ma-tai tatu."

"Radi, je?"

"Radi inashukaka, haipande," mume wangu akajibu, na mtoto akacheka mpaka akakohoa.

Jumamosi alasiri mvua ilitufungia ndani. Mimi nilikuwa napinda sketi ya mteja, mume wangu anapiga viatu rangi kwa ajili ya misa ya kesho yake. Bila kuinua kichwa, akataja jina. Alilitaja polepole, kama mtu anayejaribu kama daraja litambeba.

Sindano ikanisimama mkononi.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Tulilichagua sisi wawili miaka kumi na miwili nyuma, nikiwa na mimba ya miezi saba. Mtoto wetu alizaliwa kimya, bila pumzi. Ndugu walikuja, wakatushika mikono, wakasema Mungu atatupa mwingine, na hakuna aliyeuliza tulikuwa tumwite nani. Mwingine hakuja. Tangu siku ile sikuwahi kulisikia jina lile kinywani mwa mume wangu. Nilidhani amelisahau, na kwa siri nilikuwa nimemkasirikia kwa hilo miaka yote.

"Eh, tonton! Ile iko muzuri," mtoto alisema. "Iko jina ya nani?"

"Iko jina tu. Iko mwepesi. Itapanda."

Ndipo akaniangalia. Aliniuliza kwa macho, nami nikaitika kwa kichwa. Mtoto hakuona kitu. Alikuwa tayari anatafuta rangi yangu ya kucha. Akaliandika kwa herufi nyekundu, moja ikachuruzika kidogo.

Siku ya kurusha, tulikwenda uwanja wa shule, mtaa wa Nguba, ziwa liking'aa chini yetu. Roketi ya kwanza ilianguka palepale, ya pili ikamlowesha mwalimu. Zamu yetu ilipofika, darasa zima likaanza kuhesabu kinyumenyume kwa Kifaransa: "Cinq! Quatre! Trois!" Kisha ikaruka, maji yakamwagika nyuma yake, na watoto wote wakapiga kelele wakiliita jina lile, wakiinua mikono, kama watu wanaomwita mwenzao atoke nje wacheze.

Sikuwahi kulisikia likiitwa na watoto.

Ilipanda hadi juu ya mikaratusi. Parachuti yangu ilikataa kufunguka, roketi ikaanguka kwenye majani na kuvunjika bawa. Mtoto alikuja mbio ameikumbatia, akanikuta ninalia.

"Usilie, mama mukubwa. Bawa nitaigundisha."

Nikamwambia palepale, kwa maneno machache, jina lile lilikuwa la nani. Akapitisha kidole juu ya herufi.

"Nifute?"

"Hapana. Usifute."

"Angekuwa na myaka ngapi?"

"Douze. Kumi na miwili."

Akafikiri. "Basi mimi ndio mukubwa yake," alisema, akarudi kwa wenzake kutafuta gundi.

Hatukushinda chochote siku ile. Mtoto alibaki na wenzake, na sisi wawili tukapanda kilima kwa miguu. Tulifika kwenye kona. Hapo mume wangu akaanza kusema: kwamba alimbeba mtoto wetu kabla hawajamfunika, kwamba alikuwa na nywele nyingi, na kwamba sikio lake moja lilikuwa limekunjika kidogo kama langu. Mimi sikumwona, nilikuwa bado sijazinduka baada ya kujifungua. Sikuwa nimewahi kumuuliza, nikidhani hataki kusema, naye alidhani sitaki kusikia.

"Nywele nyingi namna gani?" nikauliza.

Akasimama katikati ya njia kunionyesha kwa mikono. Pikipiki ikatupigia honi. Tukasogea pembeni, naye akaendelea kunionyesha.