Mjane wa Boma la Kasanga

Ukitaka kuniudhi, niambie twende tukatazame boma la Wajerumani kule Kasanga. Watu wanalisifia: kuta nene, na ukisimama pale ziwa unaliona lote. Mimi nilifika mara moja tu, mwaka wa operesheni ya vijiji, na ilinitosha.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Chanji. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akiishi peke yake kwenye shamba lake la ulezi, nyuma ya Milanzi. Upande ule wote walikwisha kuhamia kijiji cha ujamaa isipokuwa yeye. Katibu wa tawi akaniita ofisini, akaniuliza mimi ni mwalimu gani, nafundisha watoto siasa huku bibi yangu mwenyewe anagoma. Nilikuwa na mke na watoto wawili wadogo, na kazi sikuwa tayari kuipoteza.

Wala bibi hakuwa na habari na siasa. Babu alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo katika ile vita ya kwanza, baba yangu akiwa bado tumboni. Hakurudi. Ikasemekana alifia bomani Kasanga, Waingereza walipokuja. Bibi akakataa kuolewa tena, akakataa kurudi kwa kaka zake. Alisema mumewe hakuzikwa, na roho yake itarudi kuitafuta nyumba. Je, ikikuta gofu? Basi akailinda nyumba ile mpaka meno yakamwisha.

"Nipeleke bomani," akaniambia nilipokwenda kumbembeleza ahame. "Nikamwambie mwenyewe kwamba tunahama. Nikishamwambia, waje wabomoe."

Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikamwombea nafasi kwenye lori lililokuwa likifuata samaki wakavu, tukateremka naye hadi ziwani.

Boma lenyewe paa hakuna, miti imeota vyumbani, mbuzi wamelala walipokuwa wakilala maofisa. Nikajitia kumweleza bibi historia, askari walisimama wapi, bunduki zilielekezwa wapi. Hakunisikiliza. Alivua kandambili, akapiga magoti ukutani, yeye Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, akamwaga unga wa ulezi, akamwita babu kwa jina lake na jina la baba yake. Akampa habari za nyumbani. Mwanao alizaliwa, alikuwa wa kiume, amekwisha kutangulia. Huyu ni mjukuu wako, mwalimu. Tunahamishwa, usinitafute tena pale.

Karibu na hapo mama mmoja wa makamo alikuwa akikata nyasi za kuezekea. Akaacha mundu, akatujia. Nilipomwona vizuri nilishtuka: lile paji la uso lilikuwa la marehemu baba yangu, na masikio yale yale yaliyosimama.

"Shikamoo, mama," akamwambia bibi. "Huyo unayemwita ni baba yangu."

Yule mama akaeleza, maskini, akidhani anatuletea habari njema. Kumbe babu hakufa vitani! Wajerumani walipotoroka, yeye alitua mzigo, akaoa pale pale, akavua samaki, akazaa watoto sita. Alikufa baada ya uhuru, mzee, kitandani mwake, na kaburi lake lina msalaba wa saruji.

Baada ya uhuru! Kutoka pale hadi kwetu ni siku chache tu kwa miguu, na miguu alikuwa nayo. Baba yangu amekufa akimwombea misa kila mwaka mtu aliyekuwa anavua na kula migebuka ufukweni. Nilitamani kulifukua kaburi lile nimchape makofi. Ndiyo, nasema hivyo hivyo, na akili zangu timamu.

"Hakuwaambia kama ana mke?" nikamuuliza yule mama, kwa ukali ambao hakustahili.

"Alituambia. Alisema alikuwa na mke huko juu, akafa na mimba yake kwa njaa ya vita."

Bibi alikuwa bado amepiga magoti. Akainua uso.

"Alipokuwa anawaambia nimekufa," akauliza polepole, "alilia?"

Angeweza kudanganya yule mama. Mpaka leo namlaumu, kwa nini hakudanganya? Alitazama chini, akasema, "Hapana, mama. Alikuwa anasema tu, hivi hivi."

Bibi hakutaka kuonyeshwa kaburi. Tuliporudi, wiki ile ile akahama bila kusukumwa na mtu. Katibu alinipongeza mbele ya walimu wenzangu, nami nikapokea pongezi, mjinga mimi.

Siku ya kuandikishwa kijijini nilimsindikiza. Karani alizitazama mvi zake, akauliza huku ameshaanza kuandika, "Mjane, siyo bibi?"

"Futa," bibi akasema. "Andika sikuolewa."

Karani akanigeukia mimi, mjukuu wake, niliyesimama ubavuni pake. Nikamwambia aandike.